Haluli, Pembe na Mashine: Jinsi Kariakoo Ilivyosafisha Damu

Kariakoo hakujawahi kukosa mtu wa kukuuzia usafi wa ndani. Leo hii ukitoka Msimbazi ukakata Mtaa wa Congo utamsikia kijana na spika yake akitangaza unga wa kusafisha figo, ini, kizazi na mishipa ya damu, yote kwa kopo moja na kwa wiki moja. Wanaomzunguka wanadhani kitu kipya kimeingia mjini, maana kopo lina picha ya jani na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mimi nimezaliwa Mtaa wa Narung'ombe miaka ya hamsini, nikapima mikojo ya watu kwenye maabara za zahanati za jiji mpaka nikastaafu. Biashara hiyo naifahamu tangu haijapata kopo. Kinachobadilika ni mlango tu: kuna zama watu walisafisha tumbo, zama wakasafisha mgongo, na sasa ni zama za figo. Katika zama zote hizo muuzaji amekula kwa sababu moja: mwili huutoa uchafu wake kimyakimya, na kazi isiyoonekana ni rahisi kuidandia.

Tuanze na tumbo, maana ndiko sisi watoto wa Kariakoo tulikoanzia. Shule zikifungwa, bibi mzaa mama alimtuma mtu dukani kwa Mshihiri akanunue haluli, chumvi nyeupe yenye punje zinazong'aa, ikiwa imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Asubuhi ya kesho yake, kabla ya chai, aliikoroga kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya kikombe cha bati na kutupanga uani kwa umri. Uchungu wake ulikuwa unakaa nyuma ya ulimi. Ukishameza ulipewa kipande cha chungwa, na ole wako utapike, kwani kikombe cha pili kilikuwa tayari. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, kila chumba na familia yake, na choo kimoja. Siku ya haluli wapangaji wengine walijua, wakamaliza haja zao alfajiri.

Haluli ilikuwa ya watoto. Wakubwa walichemsha majani ya sanamaki, na tumbo sugu lilipewa mafuta ya mbarika. Hoja ilikuwa moja kwa wote: homa, vipele, uvivu, kichwa kizito, vyote vimetokana na tumbo lililojaa taka. Hoja hiyo haikuzaliwa Kariakoo. Ilikuja pwani na majahazi na vitabu vya tiba vya Kiarabu, vilivyotokana na mafundisho ya Wayunani na ya Ibn Sina, yaliyosema kwamba mwili una maji manne, yaani damu, balghamu, safura na sauda, na kwamba ugonjwa ni moja kuzidi mengine. Bibi hakuwahi kufungua kitabu cha Ibn Sina. Lakini alikataza embe na maziwa pamoja, akajua chakula gani ni cha baridi na kipi ni cha joto, na akamwambia mtu ana balghamu kwa kumtazama macho tu.

Kwa kipimo cha maabara, haluli ni magnesiamu salfeti. Haifyonzwi vizuri na utumbo, kwa hiyo huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza tumboni, na tumbo linafunguka. Inachotoa ni mabaki ya chakula, yaani kitu ambacho sehemu yake kubwa haijawahi kuingia kwenye damu. Uchafu ambao mwili wenyewe umeutengeneza kwa kuishi kwake hautoki huko, isipokuwa mmoja. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Zikichakaa zinavunjwa, na rangi yake ya manjano hupelekwa kwenye ini, ikatiwa ndani ya nyongo na kumwagwa utumboni, na huko ndiko choo kinakopata rangi yake ya kahawia. Mrija wa nyongo ukiziba, choo kinakuwa cheupe, mkojo unakuwa mweusi, na macho yanageuka manjano. Kwa hiyo wazee hawakukosea kabisa walipoutazama mlango wa nyuma. Walikosea kudhani kwamba ndio pekee, na kwamba unahitaji kusukumwa.

Mgongo ulikuwa na fundi wake. Mtaa wa Sikukuu alikaa mzee mmoja wa Kimanyema aliyekuwa muumishi, na wateja wake walimkuta chini ya mwembe baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na pembe za ng'ombe zilizokatwa fupi, kila moja na tundu kwenye ncha. Aliiweka pembe mgongoni, akavuta hewa kwa kinywa, na bila kuiachia akaliziba tundu kwa kipande cha nta alichokuwa amekificha shavuni, akikisukuma kwa ulimi. Ngozi ilivimba ndani ya pembe. Baadaye aliitoa, akachanja chale ndogondogo kwa wembe, akairudisha palepale. Ilipojaa aliigonga juu ya kigae chenye majivu, likadondoka bonge la damu jeusi. Hapo ndipo ufundi wake wa pili ulipoanza. Alikichukua kigae na kumwonyesha mteja: tazama mwanangu ulichokuwa unatembea nacho.

Nilikuja kuwa mtu wa kuvuta damu kila siku kwa sindano, damu za wagonjwa na za wazima, za wachukuzi wa sokoni na za maofisa. Zote ni nyeusi. Damu ya kwenye vena imeshaacha sehemu ya oksijeni yake mwilini, ndiyo maana haing'ai, na ikikaa dakika chache inaganda. Bonge la mzee yule lingekuwa na rangi hiyohiyo hata kama angemuumika mwanariadha. Wala uchafu wa damu haujikusanyi mgongoni ukingoja pembe. Umeyeyuka sawasawa katika damu yote, kama lita tano kwa mtu mzima, na ukitoa kijiko kimoja umetoa uchafu wa kijiko kimoja. Hata hivyo sijawahi kumdharau mzee yule. Watu waliondoka pale wamenyooka mgongo, na leo vijana wamerudi kwenye hijama kwa vikombe vya plastiki. Ninachopinga ni hesabu yake tu.

Kazi yenyewe ya kusafisha hufanyika hivi. Mwili ni kama nyumba ya Kiswahili: wageni wanaiona baraza, lakini kupika, kufua na kumwaga maji machafu vyote ni shughuli za uani. Ukila nyama, maharage au dagaa, protini inapovunjwa hubaki amonia, ambayo ni sumu hasa kwa ubongo. Ini huichukua na kuigeuza kuwa urea, kitu kipole kinachoyeyuka kwenye maji. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1932 na Hans Krebs na mwanafunzi wake Kurt Henseleit kule Freiburg, Ujerumani. Misuli nayo huacha kreatinini. Hewa ya ukaa hutoka kwa mapafu, kila pumzi. Jasho, ambalo watu wa Dar tunaliamini sana, hutoa maji na chumvi ili kupoza mwili, na urea kidogo mno. Mzigo mkubwa unaobaki ni wa figo mbili zilizokaa chini ya mbavu, kila moja na vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku vinachuja maji kama lita 180, vinarudisha karibu yote, na kuacha lita moja na nusu hivi ya mkojo. Damu yako yote imepita humo kabla hujamaliza kikombe cha kahawa pale barazani.

Mji huu ulilazimika kuzijua figo mapema, kwa njia ya kifo. Mwaka 1897 na 1898 Robert Koch, bingwa wa Kijerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikaa Dar es Salaam akichunguza malaria. Kilichowatisha Wazungu wenzake zaidi ya malaria yenyewe kilikuwa homa ya mkojo mweusi. Mtu alikuwa na malaria, akameza kwinini leo akaacha kesho, kisha ghafla anakojoa mkojo wa rangi ya kahawa. Baada ya hapo mkojo unakatika, na wengi hawakumaliza wiki mbili. Koch alishikilia kwamba kosa ni la kwinini, wenzake wakambishia. Leo tunajua kwamba chembe nyekundu hupasuka kwa wingi, rangi yake humwagika kwenye damu na kuzishinda figo. Mgonjwa hakufa kwa weusi wa mkojo bali kwa siku zilizofuata, ambazo hapakuwa na mkojo wowote. Wenyeji, ambao kwinini hawakuwa wakiimeza, ugonjwa huo uliwapata kwa nadra.

Mwaka huohuo wa 1897 Wajerumani walimaliza hospitali yao ya Ocean Road, ya Wazungu. Mtu mweusi na Mhindi walitibiwa kwenye hospitali iliyotokana na fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huo. Hiyo ndiyo iliyowahudumia watu wa Kariakoo kwa miongo mingi, mpaka mwaka 1956 ilipofunguliwa Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru tukaiita Muhimbili.

Lakini turudi nyuma kidogo, kwenye vita. Mahali palipo soko letu Wajerumani walikuwa wamejenga banda la soko, lakini kabla halijachangamka Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza, na Waingereza walipoutwaa mji mwezi Septemba 1916 wakapafanya kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps. Jina la mtaa wetu limetoka hapo. Wapagazi waliokufa katika vita ile ni makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu na malaria. Watu waliozoea wali walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na usioiva, wakanywa maji ya madimbwi. Mtu akiharisha mpaka akakauka, damu inapungua, figo hazipati cha kuchuja, mkojo unakatika, na sumu ambayo ingetoka na mkojo inabaki ndani. Ukiniuliza ni wapi katika mji huu figo ziliwahi kuangamiza watu wengi kwa pamoja, nitakuonyesha ardhi hii tunayouzia mitumba.

Ndiyo maana siipendi haluli kwa mtoto mwenye homa. Bibi alitupa sisi tuliokuwa wazima, na hatukudhurika isipokuwa heshima zetu kwenye foleni ya choo. Lakini nimeona zahanati mtoto aliyeharisha siku mbili, na nyumbani wakampa sanamaki ili uchafu uishe. Alifika midomo imekauka na nepi haijalowa tangu jana yake. Aliyemsaidia hakuwa mtu wa kumsafisha zaidi. Alikuwa muuguzi mwenye maji ya chumvi na sukari na kijiko, kidogokidogo, mpaka alipokojoa.

Nilianza kazi ya maabara miaka ya sabini, wakati soko jipya alilolichora Beda Amuli linafunguliwa. Mwalimu Nyerere alilizindua Desemba 1975. Kazi yangu kubwa ya miaka ile ilikuwa kichocho. Vijana waliokuwa wakiogelea kwenye madimbwi ya bonde la Msimbazi walikuja na mkojo wenye damu mwishoni, na baadhi ya baba zao hawakushtuka, wakaona ni dalili ya kupevuka. Tuliwaagiza waje saa sita mchana, maana mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne na saa nane. Tena tuliwakimbiza kwanza kuzunguka jengo, wakicheka, ndipo tukawapa kichupa. Mkojo uliachwa utuame, tone la chini likawekwa kwenye kioo, nami nikakigeuza kioo cha hadubini kitafute jua la dirishani. Yai lilionekana wazi: refu, la manjano hafifu, na mwiba mmoja mkiani. Theodor Bilharz alimwona mdudu wake Cairo mwaka 1851. Kichocho kikiachwa miaka kinakaza kuta za kibofu na mirija ya mkojo, mkojo unarudi nyuma, na figo zinaharibika mwenyewe akiwa hana habari.

Upande wa pili wa meza palikuwa na taa ya spiriti na dawa ya buluu ya Benedict. Mililita tano za dawa, matone manane ya mkojo, unachemsha. Ikibaki buluu, huna sukari kwenye mkojo. Kijani, kidogo. Manjano, imezidi. Ikigeuka rangi ya tofali, unamwita daktari kabla hujaosha neli. Miaka ya mwanzo rangi ya tofali niliiona mara mojamoja. Nilipokaribia kustaafu, vijiti vya karatasi vimeshachukua nafasi ya taa ya spiriti, na kijiti kubadilika rangi halikuwa jambo la kuitana. Chai ya sukari vijiko vinne, soda, chipsi, kukaa dukani kutwa nzima, Kariakoo ilineemeka na damu ikalipa. Sukari na shinikizo la damu ndivyo vinavyoua figo nyingi leo, taratibu na bila maumivu.

Kuna kipimo kingine ambacho kingeokoa wengi, nacho ni cha protini. Ukichemsha mkojo wenye protini neli inafanya wingu jeupe. Nyumbani mkojo huo una povu lisiloisha upesi, na mtu anaamka uso na miguu imevimba. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya watu wazima waliowafikia na hali hiyo na kugundua kwamba wengi wao walikuwa wakipaka krimu za kujichubua zenye zebaki. Zebaki ilipenya ngozi ikaenda kuharibu vichujio vya figo, na baadhi yao walipata nafuu walipoacha. Kwa hiyo ngozi, mlango ambao wazee walidhani unatoa uchafu kwa mafusho na jasho, kwa hao ilikuwa mlango wa kuingizia. Habari hiyo imetimiza zaidi ya miaka hamsini, na mkorogo bado unachanganywa mitaa ileile niliyocheza rede.

Mashine ya kusafisha damu ilizaliwa vitani. Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, daktari Willem Kolff wa mji wa Kampen alizungusha damu ya mgonjwa ndani ya utumbo wa selofani uliokuwa ukitengenezewa soseji, uliozamishwa kwenye maji ya chumvi. Urea ilitoka upande wa damu ikaingia upande wa maji. Wagonjwa wake wa mwanzo walikufa karibu wote. Aliyeokoka, mwanamke wa miaka 67, alikuja mwaka 1945. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle akapata njia ya kuacha mrija mkononi mwa mgonjwa ili aunganishwe tena na tena, na hapo ndipo mtu asiye na figo alipoweza kuishi miaka.

Dar es Salaam tulichelewa. Katika ujana wangu kazini, jibu la damu likionyesha urea imepanda kupita kiasi, nililiandika nikijua hakuna mashine upande wa pili wa karatasi. Waliokuwa na uwezo, au waliobahatika kupelekwa na serikali, walipanda ndege kwenda India. Leo mashine zipo Muhimbili na kwingineko, na Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao kutoka India. Mwaka uliofuata hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikafanya.

Sasa weka pembe na mashine kwenye mizani. Pembe ilitoa kijiko au viwili. Mashine inavuta kama mililita 300 za damu kila dakika kwa saa nne. Hizo ni lita 72, maana yake damu yote ya mtu imezungushwa mara kumi na nne, na inarudishwa mwilini, haimwagwi. Hata hivyo mgonjwa hurudi baada ya siku mbili, mara tatu kwa wiki, na kati ya hapo anahesabu maji anayokunywa kwa vikombe. Kazi yote hiyo, kwa mitambo, umeme na wauguzi, haijafikia zinachofanya figo mbili nzima katika wiki hiyohiyo. Unga wa kopo utaongeza nini hapo?

Unaweza kupunguza. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels walieleza habari za wanawake waliokunywa dawa za miti za kupunguza unene kwenye kliniki moja. Mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umechanganywa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, na hatimaye waliobainika kuharibika figo walizidi mia. Dawa zilikuwa za asili kabisa. Figo ndiyo inayopitisha kila kinachoingia kwenye damu, kwa hiyo lazima ikutane na usichokijua. Wala sisemi miti yote ni sumu. Nimekulia kwenye uwatu, habasoda na mvuje, na kwinini yenyewe ilitoka kwenye gome la mti. Nasema kiasi na jina la mti ni sehemu ya dawa, na mtu wa spika havijui vyote viwili.

Soko liliungua Julai 2021, likajengwa upya, na katika muda huo wote biashara ya usafi wa ndani haikuyumba hata siku moja. Haitakufa, na sina haja ife. Nataka tu mnunuzi awe mjanja kama anavyokuwa kwenye kitambaa, anakivuta, anakitazama kwenye mwanga, anauliza bei mara tatu. Muulize kijana maswali matatu: uchafu gani, unatokea mlango gani, na umepimaje kabla na baada. La kwanza atajibu, la pili atababaisha. La tatu likimshinda, rudisha pesa yako mfukoni, shika Mtaa wa Uhuru mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja, ukapime mkojo, sukari na presha. Majibu yatatoka siku hiyohiyo, na yataandikwa jina lako.